DUMA SI MASHETANI JAMANI, NI ENDURU

Najua nimekuwa kimya, mnivumilie. Mambo ya field yalinibana, na huko Kyerwa nilikopangiwa umeme na mtandao vina ratiba zao wenyewe, wewe ni mgeni tu. Leo siandiki ile shajara ya kawaida ya bumu limechelewa na desa limepotea. Leo nina hoja, nimeibeba tangu mazoezi ya kufundisha mpaka nimerudi hapa kimbwetani na haijapoa.

Hoja yenyewe ni hii. Kuna muziki wa kelele kali sana unaopigwa na vijana wa Afrika Mashariki. Watu wazima wengi wakiusikia wanasema ni ushetani, Freemason, mapepo, chagua jina unalotaka. Mi nasema hapana. Na nasema zaidi: mwalimu anayemchapa mwanafunzi kwa sababu ya muziki huo amekimbilia fimbo kabla ya kuuliza swali. Sasa tulieni niwaeleze.

Kwanza darasa kidogo, si mnajua mimi ni mwalimu mtarajiwa. Kuna mtindo unaitwa dethi metali, na ndugu yake wa karibu anaitwa graindikoo. Gitaa zinashushwa sauti mpaka zinakwaruza kama mashine ya kukoboa mahindi, ngoma zinakimbia hadi huwezi kuzihesabu kwa kidole, na mwimbaji haimbi kama tulivyozoea. Ananguruma au anapiga mayowe. Nyimbo nyingine ni fupi kuliko salamu za Kinyambo. Bendi ya Kiingereza ya Napalm Death, kutoka mji wa viwanda wa Birmingham, ilitoa albamu ya Scum mwaka 1987 ikiwa na nyimbo 28. Wimbo mmojawapo, You Suffer, una sekunde moja na kitu tu, mpaka ukaingia kwenye kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Ukipiga chafya umeukosa! Wajapani nao hawakuwa nyuma, kule Osaka bendi ya S.O.B. ilianza mwaka 1983 na ilipiga haraka kiasi kwamba Waingereza wenyewe walitega sikio.

Sasa wengi wanadhani habari hii inaishia Ulaya na Japani. Si kweli. Botswana wana bendi kama Overthrust, na mashabiki wao wanavaa ngozi na kofia za wachunga ng'ombe, ukiwaona utadhani ni filamu. Kampala kuna Vale of Amonition. Na Nairobi kuna kundi la vijana wa metali la miaka mingi, na humo ndimo walimotoka watu wawili ninaotaka kuwazungumzia: Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Wakaungana wakajiita Duma.

Msomaji wa Kiswahili akiona "Duma" anamfikiria yule mnyama mwenye madoa anayekimbia kuliko wote. Wao wamelichukua kwa Kikikuyu, maana yake ni giza. Kusema ukweli maana zote mbili zinawafaa. Albamu yao, inayoitwa Duma vilevile, ilitoka Agosti 2020, ina nyimbo tisa. Karugu anashika gitaa na kutengeneza midundo, Khanja anapiga mayowe. Hakuna mpiga ngoma wa kukaa kwenye kiti, midundo inatoka kwenye mashine na inakwenda kwa kasi ambayo mkono wa mtu ungeomba poo. Juu yake kuna milio ya kukwaruza, ukimya wa ghafla, halafu yowe.

Na wapi waliirekodi? Hapo ndo ndugu zangu wa Karagwe na Kyerwa mnatakiwa kuamka. Waliirekodi Kampala mwaka 2019, kwenye studio za Nyege Nyege Tapes, na hao hao ndio walioitoa. (Jina hilo msiniulize, kwa Kiluganda linahusu hamu ya kucheza isiyozuilika, kwa Kiswahili chetu mnajua wenyewe, bibi yangu asije akasomewa hapa, teh teh teh.) Kampala, jamani! Kutoka Omurushaka, Kampala iko karibu kuliko Dar. Unapita Kyaka, unavuka Mutukula, unakula njiani. Wa Kyerwa ndo kabisa, akivuka Murongo tayari yuko Uganda. Nyimbo za Uganda tumekua nazo, redio za ng'ambo ya mto tunazisikia vizuri kuliko baadhi za kwetu. Kwa hiyo mtu asiniambie muziki huu umetoka kuzimu. Umetoka jirani.

Tena kuna Mjapani ndani ya habari hii. Anaitwa Shigeru Ishihara, anaishi Berlin, zamani alijiita DJ Scotch Egg na alikuwa anatengeneza muziki wa kasi kwa vile vimashine vya kuchezea gemu. Akaalikwa Kampala kufanya kazi na wasanii wa kule, akabadili jina akawa Scotch Rolex! Mnaijua rolex nyie, chapati imeviringishwa na mayai, tena ile ya upande wa Uganda. Mwaka 2021 akatoa albamu inaitwa Tewari kupitia Hakuna Kulala, tawi la hao hao Nyege Nyege, na Lord Spikeheart yumo anapiga mayowe juu ya midundo ya Mjapani. Sasa niambieni, Mjapani mla rolex, Mkenya wa metali na studio ya Kampala: huo ni mkutano wa Freemason au ni Afrika Mashariki ya kawaida?

Sasa nije kwenye pingamizi. Nimezisikia nyingi, hapa chuoni na kule shuleni. Nitajibu moja moja kama swali la mtihani, maana tumezoea hivyo.

Pingamizi la kwanza: "Hiyo si muziki, ni kelele." Sawa, ni kelele. Lakini mtu huyo huyo anayesema hivyo nimemkuta kwenye sherehe anacheza singeli mpaka shati limelowa. Singeli ya Dar inakwenda midundo 200 mpaka 300 kwa dakika! Na waliotoa Duma ndio waliotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyo wa singeli ya studio ya Sisso ya Dar es Salaam. Hawa jamaa wa Kampala waliona kitu ambacho sisi hatujakiona, kwamba singeli na graindikoo ni watoto wa haraka moja. Ukikubali singeli ni muziki, huna tena sababu ya kusema Duma ni kelele tu. Sema hauipendi, hiyo ni haki yako. Kutopenda na kukataa kuwa ni muziki ni vitu viwili.

Pingamizi la pili: "Maneno hayasikiki." Hapa mi nacheka. Mwaka 2001 Saida Karoli, dada yetu wa Kihaya, alitoka na Maria Salome. Nchi nzima ikacheza, Mtwara wakacheza, Kigoma wakacheza. Ni wangapi walielewa Kihaya? Nyimbo za Kilingala tumezicheza miaka mingapi bila kujua wanachosema? Sikio halisubiri kamusi. Na kuna kitu kingine ambacho sisi Wanyambo tunakijua vizuri kuliko watu wengi. Tunacho kitu kinaitwa enduru.

Kwa wasio wa kwetu, enduru ni lile yowe la hatari. Mwizi kaingia, nyumba inaungua, mtoto katumbukia mtoni, mtu anapiga enduru na kijiji kinatoka na mapanga na ndoo. Enduru haina maneno. Hakuna anayesimama mlangoni akasema "samahani, rudia, sijaelewa sentensi yako". Hakuna anayemwambia mwenye enduru apunguze sauti. Na mtu akipiga enduru usiku, swali la jirani ni moja tu: kuna nini huko? Nilipoisikiliza Duma mara ya tatu, kwa utulivu, ndo nikasema kumbe. Hii ni enduru iliyowekewa mashine. Swali la haki la kumuuliza ni "kuna nini huko?", na si "una pepo gani?"

Pingamizi la tatu, na ndilo kubwa: "Ni ushetani." Hapa nakubali wenyewe wametupa mafuta kwenye moto. Wimbo mmoja unaitwa Pembe 666, sasa jina kama hilo kwenye nchi yetu unategemea nini? Hata mimi naliona ni uchokozi, na uchokozi wa kitoto kidogo. Lakini tuwe wakweli, kelele zenyewe si za shetani. Sisi tuliolelewa kanisani tunajua kuta za Yeriko zilianguka kwa baragumu na makelele ya watu. Zaburi ya 150 inataja matoazi, na si ya kupigwa kwa aibu. Yesu mwenyewe msalabani alilia kwa sauti kuu. Yowe limo ndani ya Biblia kuanzia mbele mpaka nyuma. Tatizo letu ni kwamba tunaliruhusu yowe la kanisani na la msibani, likitoka kwa kijana mwenye hedifoni masikioni tunaita mchungaji.

Na tabia hii ya kuogopa si ya kwetu tu. Tamasha la Nyege Nyege lilianza mwaka 2015 huko Jinja. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitaka kulizuia kwa madai ya uchafu, baadaye likaruhusiwa. Mwaka 2022 bunge likataka kulizuia tena, likafanyika tena. Dunia haikuisha.

Pingamizi la nne: "Ni mambo ya Wazungu hayo." Huyu nae namjibu kwa historia, maana ndilo somo langu. Baada ya Duma, Khanja aliendelea peke yake, na mwaka 2024 akatoa albamu ya The Adept kupitia lebo yake mwenyewe anayoiita Haekalu. Albamu hiyo ameitolea heshima kwa mama wa bibi yake. Mnamjua ni nani? Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefika cheo cha Field Marshal katika Mau Mau! Yule aliyekaa msituni mpaka Kenya ikapata uhuru mwaka 1963, akaacha nywele zake zikue miaka na miaka, zikaja kukatwa mwaka 2022, naye akafariki Septemba 2023. Huyo ndiye bibi wa huyu kijana anayepiga mayowe. Sasa mwambie yeye kwamba hasira yake ameazima kwa Wazungu.

Na hata hiyo ya Wazungu wenyewe tusiidharau. Wimbo wa kwanza kwenye ile Scum ya mwaka 1987 unaitwa Multinational Corporations, yaani makampuni makubwa ya kimataifa. Vijana wa mji wa viwanda wakipiga kelele dhidi ya makampuni. Haya, njoo Kyerwa kipindi cha kahawa. Njoo umuulize mkulima aliyeuza kahawa kwa butura, yaani ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ada inadaiwa na mtoto anaumwa. Kahawa ikiiva si yake, anamvunia mwingine. Halafu aone kwenye migomba mnyauko ule ulioingia Kagera mwaka 2006 umekula shamba. Mtu huyo akiamua kupiga yowe, ni la Kizungu?

Na hapo ndo nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Shule niliyokuwa nafundisha siitaji, wala kijiji. Kuna kijana wa kidato cha tatu, mkimya, daftari lake la Historia safi kuliko la kwangu. Alikutwa na kiredio cha memori kadi. Ndani kulikuwa na nyimbo za Duma alizowekewa na kaka yake anayefanya kazi Kampala, na nyuma ya daftari alikuwa amechora kichwa chenye pembe. Basi ikawa kesi. Akachapwa, kiredio kikachukuliwa, ikasemwa ana mapepo, aitwe mzazi, aombewe. Ofisini kila mwalimu alikuwa na maoni. Ila hakuna aliyekuwa na swali.

Mi kama mwalimu wa field sina sauti kwenye kikao, mnajua wenyewe, unakaa karibu na mlango unatabasamu. Lakini baadaye nikamkuta anamwagia maua maji ile adhabu yake, nikamuuliza tu, "Unasikia nini kwenye ule muziki?"

Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Madam, nyumbani kahawa yote wameuza butura. Mama anasema nisimwambie mtu. Sasa ule wimbo hausemi kitu, unapiga kelele tu. Na mimi nanyamaza, wenyewe unapiga kelele."

Sikuwa na la kuongeza. Nikamwambia, "Haya mwanangu, maliza maua uingie darasani." Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu wa malezi, mama mmoja mtu mzima mwenye busara, nikamweleza habari ya ada bila kutaja muziki kabisa. Akanisikiliza, akasema, "Ahsante mwanangu, hilo ndilo tulilopaswa kulijua." Utaratibu wa ada ukatafutwa. Kiredio hakikurudi mpaka naondoka, ila mzazi alipokuja hakuja kuombewa mtoto, alikuja kuzungumza na shule habari za ada.

Sasa oneni wadau. Kama yule mtoto angesikiliza bongofleva ya mapenzi, hakuna ambaye angestuka, na butura ya kwao isingejulikana mpaka siku anaacha shule. Muziki wa ajabu ulikuwa ndio moshi, na watu walikuwa wanapiga moshi fimbo. Pale darasani kwenye somo la saikolojia ya elimu tunakariri kwamba tabia ya mtoto ina sababu. Tunaijibu kwenye mtihani, tunapata B+, tukifika shuleni tunaisahau getini.

Msinielewe vibaya. Sisemi shule zipige graindikoo paredi. Sisemi memori kadi ziruhusiwe darasani, sheria ni sheria na kiredio kilipaswa kuchukuliwa. Wala sisemi kila mnayemwona na hedifoni ana siri nzito, wengine wanapenda tu kelele, na hiyo nayo si dhambi. Na albamu yenyewe si ya kila mtu. Mimi kuna nyimbo mbili tatu pale mpaka leo siziwezi, na yeyote atakayezipiga hapa hosteli saa kumi na moja alfajiri nitamripoti kwa wadeni bila huruma! Ni muziki mgumu, unachosha, na mtu akiusikiliza mfululizo huku ana huzuni anahitaji na mtu wa kuongea naye pia. Yowe halitibu. Yowe linaita watu. Wakifika watu ndo matibabu yanaanza.

Kuna na jambo dogo la ufundi kwa walimu wenzangu watarajiwa. Wale waimbaji wanaonguruma saa nzima jukwaani hawakauki sauti, kwa sababu wamejifunza kutoa pumzi tumboni na kutokaza koo. Sisi tunaingia darasa la wanafunzi tisini, siku ya tatu tunaongea kama bata. Kumbe hata cha kujifunza kipo.

Na mwisho, kwa wanaosema metali haina mizizi kwetu. Metali ni chuma. Karagwe ya wafalme wa Bweranyange, ile ya Rumanyika aliyempokea Speke mwaka 1861, ilikuwa na nini miongoni mwa alama za ufalme? Ng'ombe wa chuma na nyundo za chuma. Wahunzi walikuwa watu wa heshima. Sasa mtu wa kwetu anawezaje kuogopa sauti ya chuma kikigongwa?

Ombi langu kwa walimu, wachungaji na wazazi wa Karagwe na Kyerwa ni dogo tu. Siku ukimkuta kijana anasikiliza kitu kinachokuchoma masikio, kabla ya fimbo na kabla ya maombi, vaa hedifoni moja, mwache na nyingine, kaa dakika mbili. Halafu uliza kama unavyouliza jirani akipiga enduru usiku: kuna nini huko?

Anaweza kukujibu "hamna kitu, napenda tu". Sawa, mmepoteza dakika mbili. Au anaweza kukujibu kitu kingine.

Naomba kutoa hoja. Ngoja nikimbilie msosi kabla ugali haujaisha, leo kuna maharage ya nazi. Alamsiki!